Kamchagua Nani?

Mama alikuwa anamenya karanga. Ungo uko mapajani, maganda yanaangukia kwenye khanga kuukuu aliyoitandaza sakafuni. Mimi nimekaa pembeni yake, kompyuta iko juu ya stuli, na kwa saa mbili nzima namtafsiria filamu ya Kiirani. Ilikuwa Julai. Anayeijua Dodoma ya Julai anaujua upepo ule unaoanza jioni na kupiga mabati mpaka usiku wa manane, na baridi yake inayowaingiza watu ndani mapema. Hapa kwetu Nkuhungu, saa mbili usiku barabarani unakutana na bodaboda waliojifunga makoti, zaidi ya hao labda mbwa.

Filamu ilipofika mwisho, binti wa miaka 11 yuko mbele ya hakimu. Hakimu anamuuliza kama ameshaamua ataishi na nani, baba au mama. Anasema ameshaamua. Machozi yanamtoka. Hakimu anamuuliza kama ingekuwa afadhali wazazi wasubiri nje, naye anakubali. Wazazi wanatoka, na sisi tunatoka nao. Wako kwenye korido ya mahakama, kila mmoja upande wake, kioo kati yao, watu wanapita na shida zao. Wanasubiri. Majina ya waigizaji yanaanza kupita nao bado wanasubiri. Basi, imekwisha.

"Kamchagua nani?" mama akauliza.

"Haijasema."

"Sehemu ya pili unayo?"

"Haina sehemu ya pili, mama."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akanitazama kama mtu aliyepimiwa unga pungufu dukani, na muuzaji ni mwanawe.

Swali lake la sehemu ya pili lilikuwa la haki kabisa. Kizazi chetu na chake tumelelewa na filamu za Kibongo zilizouzwa vipande viwili. Ya kwanza inakatika mtu ameshika kisu, ukitaka kujua kama atachoma unarudi dukani kununua ya pili. Kukatwa katikati tumekuzoea, mradi tunajua kwamba mahali fulani, kwenye diski nyingine, jibu lipo. Halafu kuna wale watafsiri wa vibandani wanaoingiza Kiswahili juu ya filamu za nje. Hao hawakubali kitu kibaki wazi. Mhusika akinyamaza, mtafsiri anamsemea. Akitazama dirishani, mtafsiri anatuambia anamuwaza mchumba wake. Niliwapenda sana nilipokuwa mdogo, na bado nawapenda, maana bila wao bibi na mama wasingeingia kwenye filamu hizo kabisa.

Usiku ule mtafsiri nilikuwa mimi. Mama hasomi yale maandishi ya chini, na Kiajemi hatujui sote wawili. Ningeweza kumwambia, "Kamchagua mama yake," naye angelala na moyo mweupe. Neno lilinifika mdomoni. Nikaliacha, na sababu iliyonifanya niliache ndiyo inayonifanya niandike haya.

Filamu yenyewe ni A Separation ya mwaka 2011, ya mwongozaji Asghar Farhadi. Kwa Kiajemi jina lake linawataja wenyewe: Kutengana kwa Nader na Simin. Mwaka huohuo ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, na Februari 2012 ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Irani. Mama sikumwambia habari za tuzo. Nilimwambia ni watu wawili wanagombana na mtoto wao yuko katikati. Akasema hiyo anaifahamu, weka.

Simin anataka wahame nchi, viza zimetoka na siku zinayoyoma. Nader hataki, kwa sababu baba yake mzee amepotelewa na kumbukumbu na hana wa kumwachia. Simin anauliza, huyo mzee anajua hata kuwa wewe ni mwanawe? Nader anajibu kwamba yeye anajua kuwa yule ni baba yake. Nilipolitafsiri jibu hilo mama aliguna mguno wa kukubali. Ndiye aliyemuuguza bibi kule Mvumi mpaka siku ya mwisho, na katika miezi ile ya mwisho bibi alikuwa akimwita kwa jina la dada yake.

Simin anarudi kwao. Termeh, binti yao, anabaki na baba. Nader anamwajiri mwanamke aitwaye Razieh aje kumwangalia mzee, mama mjamzito na mcha Mungu, ambaye mzee akijikojolea anapiga simu kwanza kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo. Siku moja anamfunga mzee kitandani, anatoka. Nader anarudi, anamkuta baba yake ameanguka chini, hasira zinampanda, anamsukuma Razieh nje ya mlango. Mimba inaharibika. Hapo ndipo mahakama inapoingia, na swali kubwa ni kama Nader alijua kuwa yule mama ni mjamzito. Anasema hakujua. Alijua. Na Termeh, ambaye baba yake amemfundisha mezani, wakifanya kazi za shule, kwamba kosa ni kosa hata aliyelisema awe nani, anaingia kwa hakimu na kusema uongo ili baba asiende ndani.

Upande wa Razieh nao una lake. Siku moja kabla ya kusukumwa aligongwa na gari, akimfuata mzee aliyekuwa ametoka nje peke yake. Hana hakika kilichomtoa mtoto ni gari au mlango. Mumewe ana madeni, fidia imeshakubaliwa, watu wamekaa sebuleni, kilichobaki ni yeye kuapa kwa Kurani. Anashindwa. Mama aliacha karanga pale. "Huyu ameogopa," akasema kwa sauti ya chini, na alivyolitamka neno hilo nilijua kwamba anamsifu.

Sasa, niliowaonyesha filamu hii wamegawanyika, na kila upande una hoja zake. Wapo wanaosema Termeh amemchagua mama, kwa sababu baba amemfanya aseme uongo mahakamani, na mtoto akishambebea mzazi uongo hawezi kumtazama tena kwa jicho lile la zamani. Wapo wanaosema amemchagua baba, kwa sababu mama ndiye aliyeondoka kwanza. Mmoja, mwalimu wa sekondari, alinihesabia mara ambazo Termeh anamtazama nani akiwa na uso gani. Nimezisikiliza hesabu zote hizo kwa heshima. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilirudisha nyuma dakika za mwisho mara nne, nikitafuta ishara kwenye midomo ya yule mtoto.

Ila kuna jambo ambalo hesabu zile haziligusi. Termeh alikuwa ameshachagua tangu mwanzo. Mama yake alipoondoka, yeye alibaki na baba. Na kwa nini alibaki? Simin hawezi kusafiri akamwacha binti yake, na mtoto analijua hilo. Akikaa kwa baba, mama hatakwenda mbali. Kwa hiyo ule uchaguzi wa kwanza, ambao mtu akiutazama kwa nje anasema mtoto kampenda baba, huenda ulikuwa kamba ya kumfunga mama asiondoke. Jina lilikuwa la baba, maana ilikuwa ya mama. Filamu imetuonyesha hili tangu mapema, halafu tunafika mwisho na kudai jina, kana kwamba safari hii jina litatueleza kitu.

Bibi yangu, huyohuyo wa Mvumi, alikuwa na hadithi moja ambayo sikuwahi kuisikia mwisho wake. Mtu mmoja alikwenda msibani na mama yake na mkewe. Wakati wa kurudi mvua imenyesha juu, korongo limejaa, na maji yanaongezeka. Ana nguvu za kumvusha mmoja tu. Bibi anakomea hapo. "Ninyi mngemvusha nani?" Tulikuwa tunagombana wajukuu mpaka moto unazimika. Mama ni mmoja. Mke ana watoto nyumbani. Mke unaoa mwingine. Nani atawanyonyesha hao walioachwa? Hadithi za namna hiyo zimejaa Afrika nzima, kwa hiyo watu wakiniambia kwamba mwisho wa wazi ni mtindo wa wazungu na wasomi wa filamu, nawakumbuka watoto sita kuzunguka moto kwenye ua wa tembe.

Tofauti ndiyo iliyonichukua muda kuiona. Katika hadithi ya bibi anayeulizwa ni mwanamume mwenye mabega, anayeweza kubeba mtu. Kwa Farhadi anaulizwa mtoto, na katika ile familia ndiye asiyeweza kumbeba yeyote. Na sisi tuliwekwa wapi? Filamu inapoanza, Nader na Simin wamekaa wanatutazama usoni. Sauti ya hakimu inasikika, mwenyewe haonekani. Maana yake kiti cha hakimu tumekalia sisi. Tunapewa ushahidi saa mbili, tunapima, tunahukumu, tunabadilisha hukumu. Halafu likifika lile swali moja ambalo tumelisubiri, tunatolewa nje. Waliobaki mle ndani wana kazi na jibu lake. Sisi tulitaka kulijua tu.

Nadhani nalielewa hilo kwa sababu mimi niliulizwa.

Mwaka ulikuwa 1998, mvua za El Niño zimekwisha. Nilikuwa na miaka 11 kama Termeh. Baba alikuwa dereva wa lori, Mnyaturu wa Singida. Mama ni Mgogo wa Mvumi. Tulikuwa tunakaa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma. Yaliyowafikisha pale siyaandiki, si yangu peke yangu. Walikwenda kwenye baraza la usuluhishi la kata, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka kabla mtu hajafungua shauri la talaka mahakamani. Kazi ya baraza ni kusuluhisha. Mtoto akae na nani, hilo ni la mahakama, na sheria inaiambia mahakama itazame ustawi wa mtoto kwanza, na isikilize matakwa yake akiwa na umri wa kuweza kutoa maoni yake mwenyewe. Aliye chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, isipokuwa pakiwa na sababu ya kuona vinginevyo. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto, nayo inasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Haya yote nimeyajua ukubwani. Siku ile nilijua tu kwamba nimevalishwa sare ya shule siku ambayo siendi shule.

Chumba kilikuwa kidogo, mabenchi mawili yanatazamana, meza ya wazee kwa mbele. Kwenye benchi moja alikaa mama, kulia mama mkubwa, kushoto mama mdogo, khanga moja inazunguka kati yao wakifutia machozi. Kwenye benchi lile jingine alikaa baba. Ndugu zake wote walikuwa Singida. Benchi lilikuwa refu, la kutosha watu watano, naye alikaa mwishoni kabisa kana kwamba kuna watu anawaachia nafasi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu. Kofia ilikuwa mkononi na alikuwa anaizungusha, anaizungusha, kidole gumba kinapita kwenye ukingo uliochanika.

Mzee mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, "Haya binti, sema hapa mbele ya wazazi wako. Unataka kukaa na nani?"

Hakuna aliyetolewa nje.

Nikasema, "Baba."

Mama mkubwa akasonya. Mama akaweka pindo la khanga mdomoni. Baba aliacha kuizungusha kofia. Nilikwenda Singida, nikalelewa na shangazi kwa sababu baba alikuwa safarini siku nyingi kuliko nyumbani, na baada ya miaka mitatu nikarudi Dodoma kwa mama kuanza sekondari. Baba alifariki mwaka 2014. Katika muda wote huo mama hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilimtaja yule. Alinipikia, alinisomesha kwa biashara ya zabibu na karanga pale stendi, alinipeleka hospitali usiku kwa miguu. Hakuniuliza. Mimi nami sikusema.

Ndiyo maana sikuweza kumtafsiria mama kile ambacho filamu haikusema. Ningempa jina, na jina najua linavyofanya kazi. Jina linakaa ndani ya mtu miaka 20 na zaidi, yeye analigeuza analigeuza, kila upande anaona hukumu. Watu walioisikia "Baba" yangu waliondoka mle chumbani wakijua nimempenda nani zaidi. Walijua uongo, na hakuna aliyewadanganya. Farhadi angetusikilizisha jibu la Termeh, na sisi tungesimama kwenye viti vyetu tukijua vilevile.

Mama alikuwa bado ananitazama. "Haya, rudisha pale wanapotoka."

Nikarudisha. Akainama mpaka karibu na kioo cha kompyuta, akaangalia kimya mpaka majina yakaanza kupita tena.

"Wamefiwa," akasema.

"Nani?"

"Hawa. Huoni wamevaa nyeusi? Mtoto naye. Yule mzee amekufa."

Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara tatu kabla ya usiku ule na sikuliona. Ni kweli, wamevaa nyeusi. Hakuna anayelitaja, hakuna mazishi, kuna nguo tu. Nikaanza kufikiri kwa sauti: kama mzee amekufa, basi ile sababu ya Nader kubaki haipo tena. Hana wa kumuuguza. Wangeweza kufungasha wote watatu wakaondoka, au Simin angeweza kurudi nyumbani. Neno walilogombania mbele ya hakimu siku ya kwanza limezikwa. Na bado wako koridoni, kila mmoja upande wake wa kioo.

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo hakuwa mzee," akasema.

Akarudi kwenye karanga. Upepo ulikuwa umeshika bati moja lililolegea juu ya jiko la nje, linapiga, linanyamaza, linapiga. Alimenya kama tano hivi. Sijui ni kipi kilichonifungua mdomo, labda ule ugunduzi wake, kwamba ameona kwenye nguo kile ambacho mimi na shule yangu yote nilikipita. Nikasema, "Mama, siku ile kwenye baraza."

Hakuinua macho. "Ee."

"Nilimtaja baba kwa sababu alikuwa amekaa peke yake."

Ganda likavunjika kati ya vidole vyake, hakulitupa.

"Wewe ulikuwa na mama mkubwa na mama mdogo. Yeye benchi zima alikuwa peke yake. Niliona kama nikisema mama, hakuna atakayemshika mkono akitoka pale. Basi. Sikufikiria kukaa, sikufikiria Singida. Nilifikiria mlango tu, kutoka pale mpaka mlangoni."

Alikaa kimya muda mrefu. Kompyuta ikajizima mwanga. Nilidhani hatajibu, na ningemwelewa.

"Wale niliwaita mimi," akasema mwishoni. "Mama yako mkubwa alikuwa na mgonjwa, hakutaka kuja. Nikamlazimisha. Nikasema nikienda peke yangu wataniona sina watu." Akapangusa kiganja kwenye khanga. "Kumbe ningekuja peke yangu."

Nikasogea, nikachukua karanga konzi moja kutoka upande wake wa ungo, nikaanza kumenya.